Sista Fenna na Akina Mama Kumi na Mmoja

Wasikilizaji wapendwa, kama una sufuria jikoni, punguza moto kidogo, vuta kiti. Leo tunamkumbuka Fenna Wiersma. Wengi wenu hapa Bolsward mlimwita Sista Fenna, na mimi nitamwita hivyo hivyo.

Sista Fenna alifariki Jumanne iliyopita, asubuhi, nyumbani kwake, akiwa amekaa kwenye kiti chake cha dirishani. Alikuwa na umri wa miaka themanini na sita. Mdogo wake, Wiebe, ambaye ameishi naye karibu maisha yote, alikuwa jikoni akimenya viazi.

"Nilisikia kimya," Wiebe aliniambia. "Dada yangu hakuwa mtu wa kimya. Nikaweka kisu chini. Nikajua."

Wasikilizaji wapendwa, kuna watu wazima katika nchi hii ya Uholanzi ambao miguu yao haina kovu kwa sababu ya Sista Fenna. Hawamjui. Hawajawahi kusikia jina lake. Na kuna akina mama ambao walilala vizuri kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili, kwa sababu yake yeye. Hao wanamjua sana.

Tuanze alipokuwa mdogo. Alizaliwa mwaka 1938, mtoto wa mwendesha boti za kubebea mboji kavu ya kuchomea majikoni. Alipokuwa na miaka kumi na moja, mama yake alimtuma dukani kununua uzi wa kushonea. Karatasi ya uzi ule ilisema mita mia moja. Fenna hakuamini. Akafunga ncha ya uzi kwenye nguzo ya daraja, akatembea nao kandokando ya mfereji huku akipima kwa rula ya shule. Mtu wa posta akapita na baiskeli, uzi ukamnasa kofia, kofia ikaingia majini. Fenna hakusimama. Alipima mpaka mwisho. Mita themanini na nne.

Akarudi dukani.

"We binti," mwenye duka akamwambia, "nani duniani anapima uzi?"

"Mimi."

Yule bwana akacheka, akampa uzi mwingine ili aondoke. Akaenda akaupima na huo pia.

"Hapo mama alikuwa anasubiri kushona suruali yangu," Wiebe anakumbuka. "Nilikaa na suruali iliyochanika mpaka Jumapili. Haki ilipatikana, ila mimi nilipigwa na upepo."

Fenna alipokua, akasomea kazi ya kuhudumia wazazi majumbani. Wengi wenu mnaijua kazi hii. Mama akishajifungua, sista anakuja nyumbani siku nane, siku kumi. Anamwogesha mtoto. Anamwangalia mama. Anafua nepi, anawapangia zamu wageni wanaokuja kumpongeza mama na kula mkate mkavu wenye siagi na vipunje vya sukari vya rangi, na wakizidi kukaa anawatoa. Sista Fenna alikuwa hodari sana wa kuwatoa. "Mzazi anataka kulala," anasema, huku ameshakushikia koti lako.

Alifanya kazi hiyo miaka kumi na miwili bila doa. Nasema tena: miaka kumi na miwili, bila doa. Kisha ikaja Januari ya mwaka 1973.

Majira yale ya baridi yalikuwa makali. Sista Fenna alikuwa nyumbani kwa Aukje Boonstra, msichana wa miaka ishirini na mitano, mtoto wake wa kwanza. Mtoto aliitwa Hiske. Alikuwa na siku tatu tu duniani.

Mtoto akizaliwa wakati wa baridi, kitanda chake hupashwa joto kwa chupa ya chuma iliyojazwa maji yaliyochemka na kuvishwa mfuko wa kitambaa. Bibi zetu walifanya hivyo, na sisi tunafanya hivyo. Lakini mwaka ule kiwanda kimoja kilikuwa kimetoa chupa mpya. Nyepesi, inang'aa, na kifuniko chake kilikuwa cha plastiki badala ya chuma. Aukje alizawadiwa na majirani.

Sista Fenna akaijaza. Akakaza kifuniko. Akaipindua chini juu, akaitikisa juu ya mkono wake mwenyewe, kama alivyofundishwa, kama alivyofanya kila siku kwa miaka kumi na miwili. Halikutoka hata tone. Akaivisha mfuko, akaiweka kitandani kwa mtoto, akaenda kuanika nepi.

Baada ya robo saa, Hiske akalia.

Sista Fenna hakupenda kusimulia sehemu hii, na mimi sitaivuta. Maji ya moto yalikuwa yamelowesha blanketi. Mguu wa kushoto wa mtoto uliungua kuanzia gotini hadi kwenye kifundo. Sista Fenna akamnyanyua, akamweka chini ya maji ya bomba, akamshikilia hapo mpaka gari la hospitali lilipofika. Hiske alikaa hospitali ya Sneek wiki saba.

Ofisi yake ikamsimamisha kazi. Akakiandikia kiwanda. Kiwanda kikajibu haraka, barua fupi: bidhaa yetu haina kasoro, ajali imetokana na mtumiaji kutokaza kifuniko ipasavyo.

"Aliisoma ile barua kila asubuhi," Wiebe alisema. "Alikuwa anaamka, anaisoma, halafu anaangalia mikono yake. Chakula hakili. Mimi ni fundi baiskeli, najua kuziba tundu kwenye tairi. Lakini dada yangu nilishindwa kumziba."

Wiki ya tatu, mtu akabisha hodi. Alikuwa Aukje, amekuja kwa miguu kwenye theluji, na ndani ya mfuko wake ilikuwamo ile chupa.

"Nilitaka kuitupa mferejini," Aukje aliniambia juzi. Leo ana miaka sabini na saba. "Nikafika, mfereji umeganda. Sikujua pa kuipeleka. Nikajikuta mlangoni kwa Sista Fenna."

Wakakaa jikoni. Wiebe alikuwa pembeni na mpira wa baiskeli magotini. Aukje akaiweka ile chupa mezani. Kisha Aukje akasema, "Sista, ni mimi."

"Wewe nini?"

"Ulipotoka na nepi, niliivuta chupa ikae karibu na miguu yake. Labda nilikigusa kifuniko. Labda nilikilegeza. Sijamwambia mume wangu. Sijamwambia mtu."

"Acha hayo, Aukje. Chupa niliijaza mimi."

"Nakwambia ni mimi!"

"Na mimi nakwambia ni mimi! Nilikuwa kazini!"

Hapo Wiebe akaingilia. "Jamani, nimeishi na Wafrisia wa huku kwetu miaka yangu yote, sijawahi kuona wawili wakigombania kitu kibaya namna hii. Na kama kosa si la yeyote kati yenu?"

Wakamtazama.

"Leteni hiyo chupa," akasema.

Akakitazama kifuniko, akaitazama na ile pete ya mpira ya ndani. Akachemsha maji. Akajaza chupa, akakaza kifuniko kwa mikono yake ya ufundi mpaka kiganja kikawa chekundu. Akaipindua. Kavu. Akaitikisa. Kavu. Akailaza juu ya gazeti, wakakaa kuiangalia, watu watatu, kama wanaoangalia mtoto mgonjwa.

Dakika ya kumi na mbili gazeti likaanza kubadilika rangi.

Walirudia mara tatu. Mara zote tatu, gazeti lililowa. Kifuniko cha plastiki kikishapata moto kilikuwa kinatanuka kidogo, kidogo tu, kinaachia. Ukikipima palepale, hakuna tone. Ukikigeuzia mgongo, kinamwaga.

"Aukje alilia," Wiebe alisema. "Fenna hakulia. Alinyanyuka, akala mkate. Vipande vinne. Nikajua sasa kuna watu watapata tabu."

Wasikilizaji wapendwa, Sista Fenna akakiandikia tena kiwanda. Jibu likaja lilelile, neno kwa neno. Akaiandikia ofisi ya serikali kule The Hague inayosimamia usalama wa bidhaa. Ofisi ikamjibu kwa adabu kwamba chupa imeshapimwa na wataalamu na haivuji, na kwamba mama hana budi kuwa makini.

Mama hana budi kuwa makini. Hayo ndiyo maneno.

Kwa hiyo akaweka tangazo dogo kwenye gazeti la akina mama: chupa ya mtoto wako ilivuja? Niandikie. Akaweka anwani yake.

Zikaja barua kumi na moja. Kutoka Zeeland, kutoka Limburg, kutoka kijiji kimoja karibu na Groningen. Watoto kumi na mmoja walioungua, mguu, mgongo, kisigino. Akazipanga mezani, akazisoma. Na alipofika ya nne au ya tano akagundua jambo lililomfanya aweke miwani chini. Akina mama hawa hawajuani. Hawajawahi kuonana. Lakini kila mmoja, mahali fulani katika barua yake, alikuwa ameandika sentensi ileile: labda sikukaza vizuri.

Kumi na mmoja. Wote kumi na mmoja. Labda sikukaza vizuri.

Mwezi wa Mei, Sista Fenna na Aukje wakapanda treni kwenda The Hague. Kwenye kikapu walikuwa na chupa mpya tatu, zikiwa bado na karatasi za dukani, na barua zote kumi na moja. Ofisa aliyewapokea alikuwa bwana mmoja mpole, mwenye tai. Jina lake Sista Fenna hakuwahi kulitaja hadharani. Alikuwa akisema, "Yule bwana naye ana mama yake."

Yule bwana akawakaribisha, akafungua faili. "Bibi Wiersma, nakuelewa. Lakini tumezipima chupa hizi. Chupa arobaini. Tumezijaza, tumezifunga, tumezilaza siku nzima. Hakuna iliyovuja."

"Mlizijaza nini?"

"Maji."

"Maji gani?"

Akaangalia faili. "Ya bomba."

"Ya moto au ya baridi?"

Bwana yule akafunua ukurasa, akafunua mwingine, akarudi nyuma.

"Ya baridi," akasema.

"Ya baridi," Sista Fenna akarudia. "Sasa bwana, ni mama gani anampashia mtoto wake joto kwa maji ya baridi?"

Mama aliyekuwa akigawa kahawa ofisini alikuwa amesimama mlangoni na kitoroli chake. Hakuna aliyemtuma. Akaenda mwenyewe akaleta birika la maji yanayochemka. Sista Fenna akajaza chupa mpya, halafu hakuigusa tena. Akamsukumia yule bwana.

"Kaza wewe."

Akakaza. Akavua koti, akakaza tena. Sista Fenna akamwambia aipindue. Kavu. Aitikise. Kavu. Akailaza juu ya faili. Wakanywa kahawa, kila mtu na biskuti yake moja. Walizungumza habari za hali ya hewa.

Dakika kumi na moja. Maji yakatoka chini ya kifuniko, yakatambaa juu ya faili, yakafika kwenye sahihi ya mkuu wake. Yule bwana aliyatazama tu. Hakuokoa karatasi. Kisha akasema kwa sauti ndogo, kama mtoto anayejitetea:

"Lakini nilikaza. Nilikaza kabisa."

"Najua," Sista Fenna akamwambia. "Na wao walikaza."

Wasikilizaji wapendwa, chupa zile ziliondolewa madukani kabla majira ya joto hayajaisha. Mtu mwingine angeshukuru, angerudi nyumbani. Kiwanda kilitaka iwe hivyo. Kilitangaza kwamba kimeleta chupa iliyoboreshwa, basi. Hakuna kosa, hakuna pole. Kikamtumia Sista Fenna kikapu cha maua. Wiebe anasema maua yalikuwa mazuri, na yalirudi kiwandani kwa posta yakiwa na kikapu chake.

Kwa sababu alichokitaka Sista Fenna kilikuwa kitu kingine. Alitaka iandikwe. Alitaka kiwanda na serikali waandike kwenye karatasi, kwa sahihi, kwamba akina mama hawakukosea. Walimwambia haina maana tena, chupa haziuzwi tena. Alijibu, "Kwenu." Akaandika barua. Akapanda treni. Akaandika tena. Mwaka ukapita, na mwingine karibu kuisha. Ofisi iligundua kwamba kumpa barua ni rahisi kuliko kumpa kiti kila mwezi. Mwezi wa Machi 1975, barua ikaja kutoka The Hague. Sentensi sita. Ya nne ilisema: watumiaji walikaza vifuniko kama ilivyopaswa, na hawana lawama yoyote.

Angeweza kutoa nakala akazituma kwa posta. Hakufanya hivyo. Alisema, "Lawama ililetwa kwa posta. Hii naipeleka mwenyewe."

Akaanza na Aukje. Halafu kwa likizo zake zote za mwaka ule, kwa treni, kwa basi, kwa baiskeli, akawafikia wale wengine mmoja mmoja. Kumi na mmoja. Alikaa jikoni kwao, akavaa miwani, akawasomea.

Kule Limburg mama mmoja aliomba asomewe mara mbili, kisha akamwita mama mkwe wake kutoka ghorofani, akasema, "Mara ya tatu, Sista. Kwa sauti." Kule Zeeland alikuta nyumba ambayo mume hakuwa amemruhusu mke wake kumwogesha mtoto tangu siku ile. Miaka miwili na zaidi. Mume alisikiliza amesimama, kofia mkononi. Barua ilipokwisha akaiweka kofia mezani. Akaenda akafungua maji ya beseni, akajaribu joto kwa kiwiko, akamchukua mtoto, akamkabidhi mkewe.

Sista Fenna aliniambia mwenyewe habari hiyo, miaka sita iliyopita, katika studio hii. Halafu akaniambia, "Sasa weka muziki." Nikaweka muziki.

Kazini alikuwa amesharudishwa tangu chupa zilipoondolewa. Lakini, wasikilizaji wapendwa, kuna jambo ambalo wengi hatukulijua. Sista Fenna, aliyewaambia akina mama wote wale kwamba hawakukosea, hakuweza tena kujaza chupa ya mtoto. Kila nyumba aliyoingia alimwita baba wa mtoto aijaze. "Hii ni kazi ya baba," anasema. Akina baba wakadhani ndiyo desturi. Wapo hadi leo wanaojivunia.

Ikawa hivyo mpaka mwaka 1999. Hiske, yule mtoto, alikuwa amekua, ameolewa, amejifungua mwezi wa Desemba. Sista Fenna alikuwa ameshaacha kazi. Alikwenda kama mgeni, na mkate wake mkavu na siagi. Hiske alikuwa kitandani, akamwonyesha chupa.

"Nilimwambia, 'Sista, nijazie,'" Hiske ananisimulia. "Akasema, 'Mwite mumeo.' Nikamwambia, 'Nimemtuma dukani makusudi.' Akaniambia, 'Wewe mtoto una roho mbaya.' Nikamwambia, 'Nimelelewa na mama aliyefundishwa na wewe.' Akakaa muda mrefu ameishika. Halafu akaenda jikoni. Nikasikia birika. Akarudi nayo. Hakuiweka kwa mtoto. Alikaa nayo mapajani robo saa nzima, anaangalia saa. Kisha akaigusa sketi yake. Kavu. Akaniangalia. Hapo ndipo nilipomwona analia, mara moja tu maishani mwangu."

Baada ya hapo mlimjua wenyewe. Mlimkuta kila Jumatano kwenye meza ya maktaba, miaka na miaka. Mlimpelekea chupa za vidonge ambazo mikono ya wazee haikuweza kuzifungua. Mlimpelekea barua za ofisi ambazo hata mwandishi wake hakuzielewa. Kuna bibi alipelekwa na mwanawe amebeba kifaa cha kusikilizia, kinalia kama filimbi. Sista Fenna akampigia simu aliyekiuza, akakiweka kwenye simu, akakiacha kilie mpaka yule bwana akaomba msamaha. Hakupenda kuitwa mwanaharakati. Alikuwa mgumu, tusidanganyane. Alipima kahawa ya wenyeji wake kwa macho. Aliwahi kuniandikia barua kwamba taarifa ya habari ya saa sita inaanza sekunde arobaini kabla ya wakati. Tulikagua. Ilikuwa kweli.

Mwezi uliopita moyo wake ulianza kuchoka. Hiske alikuwa akija kila siku ya pili kumsomea gazeti. Wiebe alimpikia viazi, naye akavilalamikia. Jumatatu, siku moja kabla, Wiebe alimuuliza kama anaogopa. Akasema, "Hapana. Funga dirisha, baridi inaingia." Akafunga. Akamwambia, "Umefanya vizuri, Wiebe." Wiebe anasema katika miaka themanini na minne aliyoishi, hayo hakuwa ameyasikia mara nyingi, na kwa hiyo ameyaweka.

Atazikwa Jumamosi hii, saa tano asubuhi, kutoka Kanisa la Mtakatifu Martini. Narudia: Jumamosi, saa tano asubuhi. Baadaye kutakuwa na kahawa na keki. Familia inaomba msilete maua.

Kwako Wiebe, unayetusikiliza kutoka jikoni kwako: pole sana, mzee wetu. Nyumba itakuwa kimya, na sisi tulio huku tunaujua ukimya huo unavyokupata. Pole Aukje. Pole Hiske na watoto wako. Pole akina mama mlioko Zeeland na Limburg na kokote mlipo, wale mliobaki, na watoto wenu ambao sasa wana mvi.

Na sisi wengine, wasikilizaji wapendwa, kabla sijaweka muziki. Yupo mtu uliyewahi kumwambia kwamba kosa ni lake. Pengine ni mke wako, au mama yako, au mtu uliyekuwa unafanya kazi naye. Ulisema haraka, ukaendelea na maisha yako, na yeye hakuendelea. Kama leo huna hakika tena, usimwandikie. Vaa koti, nenda ukabishe hodi kwake, umwambie kwa mdomo wako.